Chaneli Tatu za Nkololo

Mhadhara kwa wenye maduka, walimu na vijana wa Nkololo, Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Simiyu

Kila mwaka Baraza la Mitihani la Taifa linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, steshenari za vijijini hujaa watu ndani ya dakika chache. Mzazi anataka kuona namba ya mtoto wake, mtoto anataka karatasi iliyochapishwa, na mwenye duka anaikodolea macho kompyuta inayozungusha kiduara bila kufungua ukurasa. Hali hujirudia wakati wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu, ambayo siku hizi hujazwa mtandaoni. Lawama ya kwanza huuendea mnara. Isipouendea mnara huliendea bando, na isipoliendea bando huiendea kampuni ya simu. Ni nadra mtu kuitazama ruta iliyo juu ya kabati, mita tatu kutoka kwenye kompyuta, na kuuliza inatumia chaneli gani.

Swali hilo ndilo la mhadhara huu, na jibu lake linaweza kutajwa mapema. Katika Wi-Fi ya kawaida chaneli za kuchagua ni tatu tu: 1, 6 na 11. Lakini katika senta yenye maduka yaliyobanana, kuzichagua vizuri hakumalizwi na mtu mmoja aliyejifungia na ruta yake. Ni jambo la majirani kukubaliana.

Intaneti inayofika Nkololo imetoka mbali. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kupitia baharini mwezi Julai 2009, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza mwaka 2009, ukavuta nyaya za faiba kutoka pwani hadi mikoa ya bara. Halotel iliingia sokoni Oktoba 2015 ikiwa imejielekeza vijijini. Tarehe 13 Mei 2023, jijini Dodoma, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitia saini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Hadi mwisho wa 2024 taarifa za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, zilikuwa zikihesabu zaidi ya laini milioni 40 zinazotumia intaneti. Fedha nyingi na jasho jingi vimemwagika ili data ipite chini ya bahari, ipande nchi nzima na kutua kwenye mnara. Inasikitisha basi kuona safari yote hiyo ikikwama katika mita tano za mwisho, ndani ya duka, kwa sababu ambayo haihitaji hata shilingi moja kuiondoa.

Kabla ya kugusa chochote, ni vyema kujua kama kosa liko ndani au nje. Kuna jaribio dogo linalomaliza ubishi. Kwenye kompyuta iliyounganishwa na Wi-Fi, fungua dirisha jeusi la amri, andika neno ping, acha nafasi, kisha andika anwani ya ruta. Anwani hiyo imebandikwa chini ya ruta yenyewe. Mara nyingi ni 192.168.8.1, 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kompyuta itaigongea ruta hodi mara kadhaa na kuonyesha kila jibu limechukua milisekunde ngapi. Majibu yakirudi kwa milisekunde chache, na yakawa yanafanana, hewa ya ndani ya duka ni salama. Yakiruka kutoka 3 hadi 180 kisha 400, au mengine yasirudi kabisa, tatizo liko hapo hapo dukani, na hata mnara mpya ukijengwa nyuma ya nyumba hautalitatua. Rudia jaribio kwa anwani 8.8.8.8, ambayo ni ya Google. Ruta ikijibu vizuri na Google ikasuasua, basi lawama kwa mnara, bando au kampuni ni ya haki, na kubadili chaneli kutakuwa kupoteza muda. Jaribio hili lifanyike wakati wa kero, si alfajiri senta ikiwa imelala.

Tuseme jaribio limeonyesha kuwa kosa liko ndani. Hapo inabidi kuelewa hewa ile ina nini.

Wi-Fi ilizaliwa kwenye masafa ambayo hakuna aliyeyataka. Mwaka 1947, katika mkutano wa kimataifa wa mawasiliano uliofanyika Atlantic City, Marekani, baadhi ya masafa yalitengwa kwa ajili ya mitambo ya viwanda, sayansi na tiba, yaani mitambo inayotoa mawimbi kwa kazi nyingine isiyo mawasiliano. Masafa yanayozunguka gigahezi 2.45 yalikuwa miongoni mwake, na oveni za maikrowevu zikaja kuyatumia kupasha chakula moto. Kwa miaka mingi wahandisi waliyaona kama jalala. Mwaka 1985 tume ya mawasiliano ya Marekani, kwa msukumo wa mhandisi wake Michael Marcus, iliruhusu yeyote kurushia mawasiliano humo bila leseni, mradi atumie nguvu ndogo na avumilie makelele atakayoyakuta.

Waliochangamkia mapema walikuwa watengenezaji wa mashine za kulipia madukani. Kampuni ya NCR ilitaka mashine hizo ziwasiliane bila kutandika waya upya kila mpangilio wa duka unapobadilishwa, na kazi hiyo ikafanywa na ofisi yake ya Nieuwegein, Uholanzi. Mhandisi wa huko, Vic Hayes, ndiye aliyeongoza kamati iliyotunga kanuni za kimataifa za mawasiliano hayo. Kanuni za kwanza zilitoka mwaka 1997, zikiwa na kasi ya megabiti 2 kwa sekunde. Jina Wi-Fi lilikuja mwaka 1999. Kwa hiyo teknolojia hii, tangu mwanzo wake, ni ya wenye maduka, na ni haki kwamba wenye maduka wa Nkololo wazijue kanuni zake kama wanavyoijua mizani.

Bendi yenyewe ni nyembamba. Inaanzia megahezi 2,400 na kuishia 2,483.5. Ndani yake mna chaneli 13 zenye namba. Kitovu cha chaneli 1 kiko megahezi 2,412, cha chaneli 2 kiko 2,417, na kuendelea hivyo, kila chaneli ikiwa megahezi 5 kutoka kwa jirani yake, hadi chaneli 13 iliyoko 2,472. Mtu akiziona namba hizo kwenye ruta hudhani ana vyumba 13 vya kuchagua. Hana. Ruta inapotuma hutapakaa upana wa megahezi 20 au zaidi kidogo, yaani inameza namba yake na nyingine mbili kila upande. Aliyeweka chaneli 3 anagusa 1 na 2 upande wa chini, na 4 na 5 upande wa juu. Ukitafuta chaneli zilizo mbali vya kutosha kiasi kwamba mawimbi yake hayagusani, unabaki na tatu: 1, 6 na 11.

Kuna wanaopendekeza nne, yaani 1, 5, 9 na 13. Kwa hesabu ya karatasi inawezekana, lakini vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani huishia chaneli 11. Simu ya aina hiyo, iliyoingia nchini kama mtumba, itashindwa hata kuliona jina la mtandao ulio kwenye chaneli 13. Mteja atasema Wi-Fi ya duka haipo wakati wenzake wote wanaiona. Kwa senta inayopokea simu za kila aina, hesabu ya tatu ni salama zaidi.

Kosa kubwa linalofanywa na watu makini, wale waliokwisha kufungua mipangilio ya ruta na kujaribu, linaanzia hapa. Mtu anaona jirani wa kushoto yuko chaneli 1 na wa kulia yuko chaneli 6. Anaamua kuingia 3, kwa kuwa anaona ni nafasi tupu kati ya wawili. Kumbe angekuwa na nafuu kubwa kama angejiunga na mmoja wao kwenye namba ile ile.

Sababu yake iko katika adabu ambayo wahandisi waliipandikiza ndani ya kila kifaa cha Wi-Fi. Kifaa husikiliza kwanza ndipo kitume. Kikisikia chaneli ina kazi, hukaa kimya, kisha husubiri muda wa kubahatisha unaohesabiwa kwa sehemu za milioni za sekunde, halafu hujaribu tena. Ruta mbili zilizo kwenye chaneli 6 husikilizana kwa ukamilifu: kila moja inaelewa mwanzo wa ujumbe wa mwenzake, inasoma utachukua muda gani, na inangoja. Zinagawana muda, kasi ya kila moja inapungua, lakini hakuna kinachoharibika. Ruta iliyo chaneli 3 haina bahati hiyo. Inachosikia kutoka chaneli 1 na 6 ni vipande visivyosomeka, na kanuni zinairuhusu kuvipuuza mpaka viwe na nguvu kubwa sana. Kwa mujibu wa kanuni hizo, mawimbi yasiyosomeka hulazimisha kifaa kunyamaza pale tu yanapokuwa na nguvu mara 100 ya kiwango kinachotosha kwa mawimbi yanayosomeka. Chini ya hapo kifaa kinaendelea kutuma juu ya mwenzake, ujumbe wa wote wawili unachafuka, na wote wawili wanarudia. Mtu mmoja kwenye chaneli 3 anaweza kuharibu siku ya watu wa chaneli 1 na wa chaneli 6 kwa pamoja, naye mwenyewe asifaidi.

Tarehe 7 Juni 2010 dunia ilionyeshwa jambo hili jukwaani. Steve Jobs alikuwa San Francisco akizindua simu ya iPhone 4 mbele ya ukumbi uliofurika. Alipotaka kufungua ukurasa wa gazeti ili watu waone uzuri wa kioo kipya, ukurasa ukagoma. Hakukuwa na tatizo kwenye simu wala kwenye intaneti ya ukumbi. Baadaye aliwaeleza wasikilizaji kwamba mle ukumbini mlikuwa na vituo 570 vya Wi-Fi, vingi vikiwa vifaa vidogo vya mfukoni vya waandishi, akawaomba wavizime. Kampuni ile ilikuwa na wahandisi wa kila aina na fedha zisizohesabika, na dawa iliyopatikana siku hiyo ilikuwa kuwaomba watu.

Nkololo haina vituo 570, na sehemu kubwa ya wakazi wake haina sababu ya kuhangaika na chaneli. Kaya nyingi za Kisukuma zimejengwa kwa nafasi, na kati ya mji mmoja na mwingine kuna shamba la pamba au la mahindi. Mwalimu au mkulima mwenye ruta katika mji wa namna hiyo hasikii ruta ya mtu mwingine. Achague 1, 6 au 11, yoyote, na akaendelee na kazi zake. Kwake yeye Wi-Fi ikisumbua, atazame kuta na umbali kabla ya kitu kingine.

Habari ni tofauti pale senta. Chukua mfano wa safu ya fremu nane zinazogawana kuta, kama zilivyo katika senta nyingi za Usukumani: wakala wa kutuma na kutoa pesa, steshenari, saluni, duka la dawa, duka la vipuri vya pikipiki, ofisi ya AMCOS, mgahawa, na kibanda umiza. Kila fremu ina ruta ya laini, au MiFi, au simu iliyowasha hotspoti. Msimu wa ununuzi wa pamba unapoanza, kwa kawaida Mei, watu huongezeka, malipo yanapita kwenye simu na benki, na hotspoti zinaongezeka nazo. Kila kituo cha Wi-Fi, hata kisipotumiwa na mtu, hutangaza jina lake hewani mara kumi hivi kila sekunde. Ruta zenye mipangilio ya kizamani hutangaza kwa kasi ya chini kabisa, megabiti 1 kwa sekunde, na tangazo moja linaweza kula milisekunde 2. Vituo kumi vikibanana chaneli moja, moja ya tano ya muda wa hewa inaishia kwenye kutangaza majina, kabla mtu hajafungua ukurasa wowote. Ndiyo maana kuzima hotspoti isiyotumika ni msaada wa kweli kwa jirani.

Wengi husema ruta zao zimewekwa Auto, zijichagulie zenyewe. Auto si mbaya. Ila ruta nyingi za bei ya kawaida hufanya uchaguzi huo mara moja tu, pale zinapowashwa, kisha hukaa hapo mpaka zizimwe. Sasa tazama kinachotokea umeme unapokatika na kurudi. Ruta zote za safu ile zinawaka kwa pamoja, zinasikiliza kwa pamoja wakati hewa bado tupu, na kila moja inajiona iko peke yake. Hakuna cha kuzizuia zisiangukie chaneli ile ile, na zitakaa humo hadi umeme ukatike tena. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, chaneli iliyopangwa kwa mkono na kuandikwa kwenye karatasi inaishinda Auto.

Je, hakuna mamlaka ya kuamua? TCRA, iliyoanza kazi mwaka 2003, inasimamia masafa ya nchi na kuidhinisha aina za vifaa vinavyouzwa. Anayetaka kuuza huduma ya intaneti kwa wengine anatakiwa kuwa na leseni. Lakini mwenye ruta ya nyumbani au ya dukani haombi leseni ya masafa haya, na kwa sababu hiyo hana ulinzi ndani yake. Hawezi kushtaki kwamba jirani amemwingilia kwenye chaneli 6. Huo ndio mkataba wa masafa ya bure kila mahali duniani: unatumia bila kulipa, unavumilia unachokikuta.

Hapa Wasukuma wana kitu cha kuifundisha teknolojia. Bariadi ilipokuwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012, ardhi ya eneo hili ilichakaa kwa ukataji miti na malisho yasiyo na utaratibu. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Kilichoupa mradi ule nguvu hakikuwa miche ya kitaluni peke yake. Wataalamu waliwakuta wenyeji tayari wana ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili lifunguliwe kiangazi, na wana dagashida, mkutano wa wanakijiji wenye mamlaka ya kuweka kanuni na kutoza faini. Utaratibu huo wa wazee ulipopewa heshima yake, ngitili zilizokuwa hekta mia chache mwaka 1986 ziliongezeka hadi kupita hekta laki tatu mradi ulipofikia mwisho mwaka 2004. Masafa ya gigahezi 2.4 ni malisho ya namna hiyo hiyo. Hayana mwenyewe, hayazungushiwi uzio, yanaharibika kila mmoja akiingia anakotaka, na yanatosha watu wakikaa na kupangana.

Mpangilio wenyewe ni mwepesi. Fremu ya kwanza ichukue chaneli 1, ya pili 6, ya tatu 11, ya nne irudi 1, na kuendelea hivyo hadi mwisho wa safu. Kwa mtindo huo wanaogawana chaneli moja wanatenganishwa na fremu mbili na kuta zake. Kinachofuata ni upana. Ruta nyingi husafirishwa zikiwa tayari kutumia megahezi 40 kwa ahadi ya kasi maradufu. Kwenye bendi hii nyembamba, anayetumia megahezi 40 amechukua nafasi mbili kati ya tatu zilizopo. Senta nzima irudi kwenye megahezi 20. Mwenye fremu atakayekataa jambo hili moja anatosha kuwaharibia wengine wote, kwa hiyo lizungumzwe waziwazi, kwa majina ya maduka.

Jambo jingine ni nguvu ya kutuma. Wapo wanaoamini kuwa ruta kali, yenye antena nyingi, ndiyo suluhisho. Ila mawasiliano ni ya pande mbili. Simu iliyo nyuma ya saluni ikiisikia ruta vizuri, bado inabidi ijibu kwa nguvu yake ndogo ya betri, na jibu hilo ndilo linalopotea. Ruta inayopiga kelele hadi fremu ya sita inawanyamazisha watu sita na kumsaidia mmoja kidogo sana. Duka la mita nne kwa tano linatoshwa na nguvu ya nusu. Kama mipangilio ya ruta inaruhusu kuipunguza, ipunguzwe.

Bati nalo lina la kusema. Chuma hurudisha mawimbi ya redio badala ya kuyapitisha, na nyumba nyingi zimeezekwa kwa bati, baadhi zina milango ya chuma na madirisha ya nondo. Mawimbi yanagonga, yanarudi, yanakutana na wenzake yakiwa yamechelewa kidogo, na hapo zamani mwangwi huo ulikuwa kizuizi kikubwa cha mawasiliano ya ndani ya nyumba. Waliosaidia kukiondoa walikuwa watu wa nyota. John O'Sullivan na wenzake katika shirika la utafiti la Australia, CSIRO, walikuwa na uzoefu wa hesabu za kusafisha mawimbi dhaifu yatokayo angani, wakazitumia kusafisha mwangwi wa vyumbani. Walipata hataza ya Marekani mwaka 1996, na baadaye kampuni nyingi kubwa za vifaa zikalazimika kuwalipa. Kwa sababu ya hesabu zile, simu ya leo inaweza kufanya kazi chini ya bati bila shida kubwa. Kisichowezekana bado ni kuificha ruta nyuma ya friji, ndani ya kabati la chuma au chini ya kaunta, kisha kutegemea maajabu. Iwekwe juu, wazi, katikati ya eneo linalotumika. Na kwenye kibanda umiza iwe juu ya vichwa vya watu, kwa kuwa mwili wa binadamu una maji mengi na maji hunyonya mawimbi haya. Kibanda kilichojaa siku ya mechi ya Simba na Yanga ni ukuta wa aina yake.

Mvua, kwa upande mwingine, inasingiziwa. King'amuzi hupoteza picha wakati wa mvua kwa sababu dishi hupokea masafa ya gigahezi 11 au 12 yaliyosafiri kutoka kwenye setilaiti kupitia mawingu mazito. Wi-Fi ya gigahezi 2.4, ndani ya chumba, haijali mvua iliyo nje. Mvua ikinyesha na intaneti ikazima, atafutwe mhusika mwingine, kuanzia kwenye umeme.

Wapo wenye bahati ya kuwa na ruta za bendi mbili. Bendi ya pili, gigahezi 5, ina chaneli nyingi zaidi, na zile za 36, 40, 44 na 48 hazigusani hata kidogo zikiwa na upana wa megahezi 20. Nyingine, kuanzia 52 hadi 144, zinatumika kwa masharti: ruta lazima isikilize kwanza kama kuna rada na ihame mara ikiisikia, hivyo mtumiaji wa kawaida asijisumbue nazo. Mawimbi ya gigahezi 5 yana urefu wa sentimita 6 hivi, nusu ya yale ya 2.4, na hupenya kuta za tofali kwa shida. Katika nyumba ya mtu anayetaka mtandao ufike hadi jikoni uani, hiyo ni kasoro. Kwenye safu ya fremu ni faida kubwa, maana ukuta unamkinga jirani. Kompyuta ya steshenari na kompyuta ya AMCOS, kama zina uwezo huo, zihamishiwe huko mara moja. Gigahezi 2.4 iachiwe simu za bei nafuu, ambazo nyingi haziwezi kutumia bendi nyingine.

Kubadilisha chaneli kwenyewe huchukua muda mfupi. Unaandika anwani ya ruta mahali pa kuandikia anwani za tovuti, unaingiza nywila iliyobandikwa chini yake, unatafuta sehemu iliyoandikwa WLAN, unaona mahali pa chaneli na pa upana, unachagua, unahifadhi. Kujua majirani wako wapi, programu ya bure ya Android iitwayo WiFi Analyzer huchora kila mtandao kama kilima juu ya namba za chaneli. Kijana mmoja mwenye simu hiyo anaweza kupita safu nzima asubuhi na kurudi na picha kamili ya hewa ya senta. Na wakati huo huo nywila za ruta zilizotoka nazo kiwandani zibadilishwe.

Bado kutakuwa na siku ambazo kila kitu kimepangwa na mtandao unagoma. Mwaka 2020 wakazi wa kijiji cha Aberhosan, huko Wales, walijua sababu ya kero iliyowatesa miezi 18: kila siku saa moja asubuhi intaneti ya kijiji kizima ilikuwa ikianguka. Kampuni ilikwisha kubadilisha hata nyaya. Mwishowe mafundi walizunguka kijijini alfajiri, mvua ikinyesha, wakiwa na kipimo cha mawimbi, na kikawapeleka kwenye nyumba moja iliyokuwa na televisheni ya mtumba. Ilipowashwa ilitoa kelele ya umeme iliyoingia kwenye nyaya za simu za wote. Ile haikuwa Wi-Fi, lakini njia iliyotatua tatizo ni ile ile inayofaa hapa: kutembea, kupima, na kubisha hodi kwa jirani bila ugomvi. Mwenye televisheni alikubali palepale kutoiwasha tena.

Wenye fremu za Nkololo wana kila kinachohitajika kufanya hivyo kabla ya msimu ujao wa pamba na kabla ya matokeo yajayo. Wakutane mara moja, hata kwa nusu saa. Kijana mwenye WiFi Analyzer apite na kuandika. Kila duka lipewe namba yake kati ya 1, 6 na 11, upana uwe megahezi 20, na orodha ibandikwe mahali ambapo mpangaji mpya ataiona siku anayohamia. Atakayefungua duka jipya aulize namba kabla ya kuwasha ruta. Kisha steshenari ifanye jaribio la ping saa ya msongamano na kuyaandika majibu, kwa sababu siku kosa litakapokuwa la mnara kweli, karatasi hiyo ndiyo itakayopelekwa kwa kampuni ya simu kudai huduma iliyolipiwa.